Katwe mbili na chupa ya waragi: vifungo vya kemia vinavyoamua tabia za vitu

Ukiwa Kampala ukamwambia kondakta wa teksi kwamba unaenda Katwe, atakushusha kwenye kelele za nyundo: mafundi wa sigiri, sufuria, mageti na mashine za kusaga. Ukitaja jina hilohilo ukiwa Kasese, utafikishwa kwenye ukingo wa kreta ya volkano ya zamani, na chini yako kutakuwa na ziwa lisilo na mto wa kutoa maji yake. Watu wamevuna chumvi humo kwa karne nyingi.

Chukua nyundo moja uzunguke nayo Katwe zote mbili. Kwa fundi, gonga bamba la alumini: linabonyea, linajikunja, linafuata mkono. Kwa mvuna chumvi, gonga bonge kavu la chumvi: linapasuka, na punje zake ukiziangalia kwa lenzi zina nyuso bapa na pembe za mraba. Alumini inapitisha umeme, bonge la chumvi halipitishi. Lakini itie chumvi hiyo kwenye kikombe cha maji, na maji yataupitisha. Sasa weka kando yake kijiko cha sukari ya Kakira. Kwa mbali unaweza kuidhania chumvi, lakini haipitishi umeme ikiwa kavu wala ikiwa ndani ya maji, na kwenye kikaango inageuka kahawia kisha nyeusi wakati chumvi iliyo pembeni haijatikisika hata kidogo.

Tofauti zote hizi zinatokana na namna atomu zinavyoshikana. Vitabu vingine huita mshikano huo bondi. Mimi natumia kifungo, ingawa najua neno hili lina kazi nyingi, kuanzia shati hadi gerezani. Kilicho muhimu ni kwamba kila kifungo, kwa aina zake zote, ni habari ya elektroni za nje za atomu na viini vinavyozivuta.

Mwanafunzi wa Senior Three, yaani kidato cha tatu, hupewa jedwali lenye maneno nitakayoyafafanua mbele: vifungo vya ioni vinaleta kiwango kikubwa cha kuyeyuka, vya kovalenti kidogo, vya metali vinapitisha umeme. Anakariri, anapita mtihani. Kisha anaambiwa kwamba almasi ina vifungo vya kovalenti na ni ngumu kuliko chochote alichowahi kushika, na jedwali linamponyoka mkononi. Nimewafundisha watoto wa majirani kemia kwa miaka kadhaa, na nimegundua kuwa jedwali si la uongo, ila linaruka swali lenyewe. Swali ni hili: unapokipasha kitu moto, au kukigonga, au kukitia majini, ni mshikano upi hasa unaoachia?

Chumvi

Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, na moja kati yake inakaa peke yake kwenye tabaka la nje. Klorini ina 17, na tabaka lake la nje lina 7, limepungukiwa na moja. Hadithi ya darasani inasema sodiamu "inataka" kutoa na klorini "inataka" kupokea, wakakutana, wakafurahi. Hadithi tamu, lakini hesabu inakataa. Kuing'oa elektroni ya sodiamu kunagharimu kilojuli 496 kwa kila moli (kilojuli hupima nishati, na moli ni fungu kubwa ambalo wanakemia huhesabia atomu). Klorini ikiipokea inarudisha 349 tu. Mpaka hapo biashara ni ya hasara.

Faida inakuja baadaye. Sodiamu iliyopoteza elektroni imekuwa ioni yenye chaji chanya, klorini imekuwa ioni yenye chaji hasi, na chaji zisizofanana huvutana. Ioni hizo zikijipanga kuwa fuwele, yaani kitu kigumu ambacho chembe zake zimekaa kwa safu, zinaachilia takriban kilojuli 787 kwa moli, na hasara yote inafidiwa na kuzidi. Kwa hiyo kifungo cha ioni si kule kutoa na kupokea. Kifungo ni mvuto unaofuata, na mvuto huo hauna mwelekeo mmoja: kila ioni ya sodiamu inazivuta klorini zote zilizo karibu nayo, si ile "yake" peke yake.

Mwaka 1913 William Henry Bragg na mwanawe Lawrence walitumia eksirei kupima mpangilio wa ndani wa chumvi. Wakakuta kila sodiamu imezungukwa na klorini 6, na kila klorini na sodiamu 6, mpaka mwisho wa fuwele. Hakuna mahali utakapoonyesha kidole useme hapa ndipo molekuli moja ya chumvi, yaani kikundi cha atomu kinachojitegemea, ilipo. Jambo hilo liliwaudhi baadhi ya wakongwe wa kemia. Henry Armstrong alikuwa bado analilalamikia hadharani mwaka 1927. Nawaelewa. Hata leo tunaandika NaCl, Na ikiwa sodiamu na Cl klorini, kana kwamba ni wawili waliooana, wakati chembe moja ya chumvi ya mezani ni umati wa ioni zinazohesabika kwa mabilioni ya mabilioni.

Ukishaelewa umati huo, tabia zinajieleza. Kuyeyusha chumvi ni kuulegeza mvuto wa umati wote, ndiyo maana inahitaji nyuzijoto 801. Magnesiamu oksaidi, ambayo ioni zake zina chaji mbilimbili badala ya moja, inadai zaidi ya 2,800, na kwa sababu hiyo hutumika kwenye matofali ya kutandika ndani ya tanuri. Ukiigonga fuwele, safu moja inasogea hatua ndogo tu, na ghafla chanya inatazamana na chanya, hasi na hasi. Zilizokuwa zinavutana sasa zinasukumana, na bonge linapasuka. Umeme nao unahitaji chaji inayotembea: ndani ya bonge kavu ioni zimebanwa mahali pake, lakini zikiyeyushwa kwa moto au zikisambazwa majini zinapata miguu.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega kidogo. Tunasema siagi imeyeyuka juani, na tunasema sukari imeyeyuka ndani ya chai, neno moja kwa mambo mawili. La kwanza ni kazi ya joto peke yake. La pili ni kazi ya molekuli za maji, ambazo upande mmoja zina uhasi kidogo na upande mwingine uchanya kidogo, zikizizunguka ioni za chumvi moja baada ya nyingine na kuzichukua kutoka kwenye fuwele. Ndiyo maana chumvi inayodai nyuzijoto 801 kwenye moto inapotea ndani ya supu vuguvugu bila ubishi.

Kwa fundi

Atomu za metali zinazishika elektroni zao za nje kwa ulegevu. Zikikusanyika nyingi, elektroni hizo haziwi za mtu. Zinazagaa kati ya ioni zote kama maji ya mafuriko kati ya nguzo za nyumba. Mfizikia Paul Drude alilieleza wazo hili mwaka 1900, na ingawa limerekebishwa sana tangu hapo, kwa kuielewa sufuria linatosha.

Ukigonga bamba, safu za ioni zinateleza, lakini bahari ya elektroni inateleza nazo na kuendelea kuzishika. Hakuna wakati ambapo maadui wanatazamana. Fundi anayeyeyusha alumini chakavu kwa makaa na feni ya kupuliza anahitaji nyuzijoto 660 tu, na tanuri lake linazifikia. Anajua pia, bila kuhitaji kitabu, kwamba alumini ya pistoni si sawa na ile ya waya: ya pistoni ina silikoni ndani, na chembe za silikoni zinazuia safu zisiteleze. Inakuwa ngumu zaidi, na ukiilazimisha inapasuka.

Shaba ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi faida ya elektroni zisizo na mwenyewe. Kilembe, kilomita chache kutoka mji wa Kasese, shaba ilichimbwa kwa wingi tangu miaka ya 1950, ikasafirishwa kwa reli hadi Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Katika mwamba wa Kilembe shaba imefungamana na salfa na chuma, na mwamba huo hauwezi kuvutwa kuwa waya hata ukifanya nini. Ikishatenganishwa na salfa yake, shaba ileile inavutika kuwa uzi mwembamba na kupeleka umeme nyumbani kwako. Elementi ni moja, ila elektroni zimebadilisha makazi.

Mtungi wa gesi na chupa

Kifungo cha kovalenti ni kile ambacho atomu mbili zinashirikiana jozi ya elektroni. Gilbert Lewis, Mmarekani, alipendekeza wazo la jozi mwaka 1916, mwaka uleule ambao Mjerumani Walther Kossel aliandika kuhusu ioni. Kifungo hiki ni imara, na tofauti na mvuto wa ioni, kina mwelekeo: ni kati ya atomu hii na ile. Matokeo yake ni molekuli, kikundi kidogo chenye mipaka.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, na nitakaa hapa kwa muda.

Nyumba nyingi za mjini sasa zina mtungi wa gesi jikoni. Ndani yake kuna propani na butani. Kwenye rafu ya baa kuna waragi, pombe kali ya Uganda, ambayo kilevi chake ni ethanoli. Ukihesabu atomu ya hidrojeni kuwa 1, molekuli ya propani ina uzito wa 44, ya ethanoli 46. Karibu ndugu pacha. Vifungo vya ndani vya zote mbili ni vya kovalenti, vyenye nguvu za kulingana. Kwa jedwali la darasani zingepaswa kuchemka kwa joto linalokaribiana. Lakini propani huchemka kwa nyuzijoto 42 chini ya sifuri, na ethanoli kwa 78 juu yake. Pengo la nyuzijoto 120. Ndiyo maana moja inabidi ikandamizwe ndani ya chuma ili ibaki kimiminika na nyingine inauzwa kwenye chupa yenye kizibo.

Jibu haliko ndani ya molekuli, liko kati ya molekuli na jirani yake. Kuchemsha propani hakuvunji kifungo chochote cha kaboni. Kunaachanisha tu molekuli zilizokuwa zimekaribiana, na mshikano wa molekuli za propani ni hafifu mno. Ethanoli ina kitu cha ziada: oksijeni iliyoshika hidrojeni. Oksijeni ina uchu mkubwa wa elektroni. Katika kipimo cha uchu huo alichokianzisha mkemia Linus Pauling mwaka 1932, oksijeni inapata karibu 3.4, hidrojeni 2.2, kaboni 2.6. Jozi wanayoshirikiana haikai katikati. Inavutwa upande wa oksijeni, na hidrojeni inabaki na uchanya kidogo. Hidrojeni hiyo ikikutana na oksijeni ya molekuli ya jirani, zinashikana. Huitwa kifungo cha hidrojeni, jina ambalo ningelifuta kama ningekuwa na mamlaka, kwa sababu wanafunzi wanalichanganya na kifungo halisi kilicho ndani ya molekuli.

Tofauti ya nguvu ni kubwa mno. Chukua gramu 18 za maji, yaani moli moja. Kuyageuza yote kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 41. Kuyararua mpaka hidrojeni na oksijeni ziwe atomu pwekepweke kunahitaji zaidi ya 900. Kila mwaka nakuta mtoto ameandika kwamba maji yakichemka "vifungo vya H na O vinavunjika". Kama ingekuwa kweli, birika lingetoa mchanganyiko wa gesi unaolipuka kwa njiti moja ya kiberiti. Hata kwenye joto la nyuzijoto 2,000 ni sehemu ndogo tu ya mvuke wa maji inayovunjika. Kinachotoka kwenye birika ni maji yaleyale, yameachana tu. Kwa njia, ile 100 ya kitabuni ni ya pwani. Kampala, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa takriban 96, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Mshikano wa molekuli haujabadilika hata chembe.

Waragi ina ndugu mbaya. Methanoli ina kaboni moja pungufu, huchemka kwa 65, na kwa kuwa nayo ina oksijeni iliyoshika hidrojeni, inachanganyika na maji na ethanoli bila kuacha alama. Haijitengi juu wala chini, na ulimi hauwezi kutegemewa kuitambua. Mwilini inageuzwa kuwa asidi fomiki, inayopofusha na kuua. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa upande wa Kabale kwa pombe iliyochanganyika nayo.

Sasa panda kutoka kwenye propani yenye kaboni 3 hadi minyororo ya kaboni 20, 30 na zaidi. Hakuna oksijeni, hakuna kifungo cha hidrojeni, ila mnyororo mrefu una sehemu nyingi za kugusana na jirani, na migusano hafifu ikiwa mingi inakuwa si hafifu tena. Hiyo ndiyo nta, na mafuta ghafi yaliyogunduliwa kando ya Ziwa Albert mwaka 2006 yana nta nyingi. Kwenye joto la kawaida yanaganda. Ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga limebuniwa likiwa na vazi la kuhifadhi joto na mfumo wa kulipasha, ili mafuta yabaki juu ya nyuzijoto 50. Ukitafakari, mradi wa mabilioni ya dola umelazimika kupangwa kwa kuheshimu mshikano ambao katika molekuli ndogo ni dhaifu kiasi cha kutuachia gesi.

Na sukari? Molekuli yake ina vikundi vingi vya oksijeni na hidrojeni, hivyo maji yanaipokea kwa mikono miwili. Lakini inaingia majini ikiwa molekuli nzima, bila chaji, na taa ya tochi uliyoiunganisha haitawaka. Moto nao una tabia yake kwa sukari: kabla molekuli hazijaachana vizuri, vifungo vya ndani vinaanza kukatika, karibu na nyuzijoto 186, na unapata ile rangi ya kahawia na harufu ya pipi.

Mchanga

Almasi iliyomponyoka mwanafunzi wetu sasa haina utata. Ndani yake hakuna molekuli ndogo zinazoachana. Kila kaboni imeshikwa kwa kovalenti na kaboni 4, na hizo na nyingine, mpaka ukingo wa jiwe. Ukitaka kuiyeyusha au kuikwaruza, hakuna mshikano hafifu wa kuachia. Lazima ukate vifungo vyenyewe. Mchanga mweupe wa silika wa kandokando ya Ziwa Victoria ni hivyohivyo, silikoni na oksijeni zilizofumwa pamoja, na unadai nyuzijoto zipatazo 1,700. Umelowa maji ya ziwa kwa maelfu ya miaka, upo. Tone la maji haliwezi kung'oa atomu iliyoshikwa pande zote kwa kovalenti.

Grafiti, ile nyeusi ya penseli, pia ni kaboni tupu. Humo kila kaboni imeshika 3 tu, kwa bapa, na elektroni ya nne inatanga juu ya bapa hilo. Bapa zinateleza, hivyo penseli inaandika. Elektroni inatanga, hivyo kijiti cheusi cha katikati ya betri ya tochi kinapitisha umeme.

Mipaka isiyonyooka

Usije ukadhani atomu zinajua makundi haya. Alumini kloraidi ina metali na isiyo metali, jedwali litasema ioni, lakini inageuka mvuke kwa takriban nyuzijoto 180. Ioni ya alumini ni ndogo na ina chaji kubwa, inazivuta elektroni za klorini mpaka zinakuwa kama za ushirika. Kati ya kushirikiana sawasawa na kunyang'anywa kabisa kuna mteremko, si ukuta.

Chumvi ya Katwe yenyewe si NaCl tupu. Ina salfeti na kabonati nyingi, ile jamii ya magadi. Katika kabonati, kaboni na oksijeni zake 3 zimeshikana kwa kovalenti, na kikundi kizima kinabeba chaji hasi na kuvutana na sodiamu kwa mvuto wa ioni. Aina mbili za kifungo katika kijiko kimoja. Ukikitia majini, kabonati inaelea nzima. Kinachoachia ni mvuto wa nje tu.

Mchanganyiko huo ndio uliokishinda kiwanda kikubwa kilichojengwa kando ya ziwa kati ya miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Maji yale yamejaa ioni kiasi kwamba chaji inasafiri ndani yake kwa urahisi, na yakipita yakiwa moto ndani ya mabomba ya chuma, ioni za kloraidi zinalishambulia tabaka jembamba linaloikinga metali. Atomu za chuma zinaachia elektroni na kuingia majini zikiwa ioni. Mabomba yalilika, kazi ikasimama, na magofu yake bado yapo.

Chini ya magofu hayo, wavunaji wanatumia jua. Katika vijibwawa walivyovichimba ukingoni, jua linaachanisha maji na maji, mshikano hafifu kuliko yote yaliyomo humo, na ioni zinazobaki bila maji ya kuzibeba zinajipanga zenyewe kuwa fuwele chini ya dimbwi.